Kwenda Irente kwa miguu na watoto: namna ya kupanga matembezi ya Lushoto mpaka kwenye ukingo wa mlima

Watu wengi wanaofika Lushoto na familia wanaenda Irente kwa gari. Wanashuka, wanapiga picha dakika kumi, watoto wanalalamika upepo, wanapanda gari wanarudi hotelini. Mi naona hapo wamekosa sehemu kubwa ya raha yenyewe, maana ile njia ya kutoka mjini mpaka pale ukingoni ndo safari, na mtoto wa miaka sita saba anaiweza kabisa ukimpangia vizuri. Hapa naeleza namna ya kuipanga kwa mwendo wa mtoto, kuanzia siku ya kufika mpaka mnaporudi mjini, na nimeweka zaidi yale mambo ambayo mzazi anahitaji kuyajua mapema.

Tuanze na mahali penyewe kwa wasiopajua. Lushoto ni mji mdogo ndani ya milima ya Usambara Magharibi, mkoa wa Tanga, uko juu kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, wakati wa Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Irente iko kusini magharibi ya mji, kama kilometa 5 au 6 kutegemea umeanzia wapi, na pale mlima unakatika ghafla tu, unasimama kwenye mwamba halafu chini yako karibu mita elfu moja ndo kuna tambarare ya Mazinde na mbuga zinazoendelea kuelekea Umasaini. Sio bonde la kuteremka taratibu, ni ukuta. Kwa hiyo mtoto anayetoka kwenye mashamba na miti na baridi anafika mahali ambapo ardhi imeisha, na hilo hata watu wazima linawanyamazisha.

Kufika Lushoto

Ukitokea Dar kuna mabasi ya moja kwa moja ya Lushoto pale stendi ya Magufuli, Mbezi, na ukikosa hayo panda la Moshi au Arusha ushukie Mombo halafu uchukue kosta au noah ya kupandisha. Wa Arusha na Moshi mnakuja kwa barabara ya Same mnashukia Mombo hapohapo. Ndugu zetu wa Kenya mnaweza kuingilia Lunga Lunga na Horohoro mkapitia Tanga, au Taveta na Holili mkapitia Moshi, zote zinaishia Mombo.

Mombo mpaka Lushoto ni kama kilometa 33 za lami ila ni kona tupu, unapanda unapanda, unapita Soni penye maporomoko pembeni ya barabara, unaendelea. Mtoto anayetapika kwenye gari hapa atatapika, usijidanganye. Mkalishe mbele karibu na dirisha, asile chakula cha mafuta Mombo (najua chipsi za pale stendi zinavutia), mpe kipande kidogo cha tangawizi au pipi ya tangawizi, mwambie aangalie mbali nje asiangalie simu, na uwe na mifuko miwili mitatu ya kutapikia mkononi, isikae kwenye begi chini ya siti. Lingine ni nguo, Mombo ni joto la kutoka jasho na Lushoto jioni unatafuta sweta, sasa ukiweka masweta kwenye begi kubwa lililofungwa kwenye buti mtashuka mnatetemeka.

Usipange kutembea siku hiyohiyo ya kufika. Lala, kula vizuri, waache watoto wazoee hewa, kesho yake ndo mnaenda.

Wakati mzuri wa kwenda

Masika ya Machi mpaka Mei njia inakuwa matope, udongo wa Usambara ni mwekundu wa mfinyanzi, ukilowa unateleza vibaya sana, na mawingu yanaweza kukaa pale ukingoni siku nzima msione chochote. Juni mpaka Agosti ni kavu ila baridi ni kali, hasa asubuhi. Kwa familia mi ningesema Septemba, au Januari na Februari, au Desemba ya likizo mkiwa tayari kukutana na mvua za vuli zinazoishia ishia.

Saa za kutoka mjini ni jambo ambalo watu wanabishana. Wengi watakwambia nenda jioni ukaone jua linazama, na kweli jua la pale linazama vizuri maana ukingo unaangalia magharibi, lakini kwa mtu mwenye watoto hiyo maana yake mnarudi gizani kwenye barabara ya vumbi yenye bodaboda, watoto wamechoka na wana usingizi. Kama unataka machweo basi kodi gari ya kuwarudisha kabla hujatoka mjini, usitegemee kupata usafiri pale juu saa moja usiku. Mpango wangu mi ni wa asubuhi, mnatoka saa mbili au mbili na nusu baada ya chai nzito, mnafika pale ukingoni kwenye saa tano. Ukungu wa asubuhi kwa saa hizo mara nyingi unakuwa umeshapanda na jua bado halijaleta lile vumbi vumbi la mchana linalofanya kule chini kuonekane kumefifia.

Mtu mzima mwenye mwendo wake anatumia saa moja na nusu. Na watoto weka saa mbili na nusu mpaka tatu, na usiwaambie watoto hizo saa, waambie tunaenda kwa vituo, kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, mtoto anaelewa vituo kuliko kilometa.

Vitu vya kubeba

Viatu kwanza. Raba zenye meno chini zinatosha, huhitaji mabuti ya kupandia Kilimanjaro, ila zile raba za shule zilizoisha soli na yeboyebo ziache nyumbani, kuna sehemu zina kokoto laini mtoto anateleza kwenye mteremko anachubuka viganja. Soksi, na jozi moja ya soksi za akiba kwa kila mtoto maana watakanyaga maji tu, hata yasipokuwepo watayatafuta.

Mtoto ambaye hajafika miaka minne hivi mbebe kwa mbeleko au begi la kubebea mtoto. Kigari cha mtoto hakifai, barabara ina mawe na makorongo ya maji ya mvua, utaishia kubeba kigari mkono mmoja na mtoto mkono mwingine. Kanga mbili chukua hata kama mtoto ni mkubwa, moja ya kukalia pale juu na nyingine ya kumfunika akipigwa na upepo au ya kumbebea akigoma, na mtoto wa miaka mitano ana haki ya kugoma kwenye kilima cha tatu.

Maji lita moja kwa mtu mzima na nusu lita au zaidi kwa mtoto, maji ya kwenye vijito msinywe hata kama yanaonekana safi, juu yake kuna mashamba na watu. Vitafunwa vidogo vidogo: karanga, ndizi, mihogo ya kuchemsha, biskuti, na matunda mnunue palepale Lushoto sokoni, hii ni nchi ya plamu, pichi, mapeasi na maforosadi, na yakiwa kwenye msimu wake ni bei ya kawaida sana. Soko linachangamka zaidi Alhamisi na Jumapili, kama siku yenu ya matembezi imeangukia hapo basi nunueni mapema asubuhi mkiwa mnaondoka.

Halafu kofia, mafuta ya kupaka mdomo (upepo wa pale unapasua midomo ya watoto), sweta au jaketi jepesi kwa kila mtu, plasta na dawa ya kusafishia kidonda, tishu, na mfuko mtupu wa takataka. Huo mfuko uwe kazi ya mtoto mmoja, mpe cheo, atasimamia mpaka utashangaa.

Kiongozi wa njia, umchukue au usimchukue? Njia ni barabara inayojulikana na kila mtu unayekutana naye atakuelekeza, kwa hiyo sio lazima. Lakini na watoto mi napendekeza umchukue mtu wa palepale, kwa sababu anajua njia za mkato za kupita kwenye miti na mashamba badala ya kufuata barabara yote, anajua miti na ndege, na mkono wa tatu wa mtu mzima pale ukingoni ni kitu cha thamani. Karibu na stendi kuna vikundi vya utalii wa kijamii vyenye ofisi, nenda huko ukaongee bei na upate risiti, usimalizane na kijana aliyekufuata kutoka kwenye basi hata kama ana maneno matamu.

Njia yenyewe

Mjini tafuta kanisa la Anglikana, barabara inayoelekea kusini magharibi kutokea hapo ndo yenu. Mwanzo ni nyumba na maduka, halafu inaanza kupanda taratibu. Hapa mwanzoni ndipo watu wanaharibu siku, watoto wana nguvu wanakimbia, wazazi wanafurahi wanawaacha wakimbie, baada ya nusu saa mtoto amemaliza betri na bado mmebakiza kilometa nne. Wazuie mapema. Mtoto mdogo kuliko wote ndo atangulie mbele na wote mfuate mwendo wake, wakubwa wakilalamika wape kazi ya kuhesabu kitu. Tembeeni upande wa kulia mkiangalia magari yanayokuja, bodaboda zinashuka kwa kasi na nyingine zimezima injini kwenye mteremko, huzisikii mpaka zimefika.

Njiani mtapita migomba, maharage, mahindi, kabichi na karoti kwenye matuta yanayopanda mpaka juu ya vilima, mashamba yamesimama kabisa hadi watoto watauliza mkulima anasimamaje. Kuna vipande vya mikaratusi na mivinje na migrevilea, vina kivuli na harufu nzuri, simameni humo. Huu sio msitu mnene wa asili mwanzo mpaka mwisho, nasema wazi ili mtu asije akalalamika, ni mchanganyiko wa vijiji, mashamba na miti, na msitu wenyewe nitauelekeza mbele.

Watu wa huku ni Wasambaa na wanasalimiana. Usipite mbele ya mzee aliyekaa kibarazani bila shikamoo, na watoto nao wasalimie, ni adabu na pia inawafungulia milango, kuna bibi atamwita mtoto wako ampe plamu mbili za bure na kumuuliza ametoka wapi. Ukitaka kupiga picha ya mtu au nyumba yake omba kwanza. Na msikate njia katikati ya shamba la mtu isipokuwa kuna kijia kinachotumika, tuta likikanyagwa na watu watano mvua inayofuata inalibeba.

Sasa vinyonga. Usambara ina aina za vinyonga ambazo hazipatikani sehemu nyingine yoyote duniani, kuna wenye pembe mbili puani na wenye pembe tatu, na hawa hawako ndani sana msituni tu, wako hata kwenye vichaka vya pembeni ya njia. Mtoto anawaona kuliko mtu mzima kwa sababu macho yake yako usawa wa kichaka. Mkimpata mmoja simameni hapo hata dakika ishirini, hakuna haraka. Muonyeshe mtoto macho, jicho moja linaangalia mbele na jingine linamwangalia yeye, kila moja linazunguka kivyake. Muonyeshe miguu, vidole vimegawanyika makundi mawili vinabana tawi kama koleo, ananyanyua mguu mmoja anausogeza, anarudi nyuma kidogo, anausogeza tena, halafu ndo anabana. Mwenye pembe ndefu kwa kawaida ni dume. Wengi wetu tumekuzwa kuambiwa kinyonga ana sumu au ana mkosi, hana sumu yoyote, na mtoto akiliona hilo kwa macho yake kabla hajapandikizwa hofu ni jambo kubwa. Ila msimkamate, msimrushe, msimpitishe mkono kwa mkono kupiga picha, na mtu akikuletea kinyonga kwenye kijiti akitaka hela ya picha mkatalie kwa upole, ukilipa leo kesho watakamatwa kumi.

Kwa kilima cha mwisho ambacho miguu inakuwa mizito, weka akiba ya hadithi. Ya hapa ni ya Mbegha, yule mwindaji aliyetoka Ungulu na mbwa wake. Wasambaa wanasimulia kwamba aliwinda nguruwe waliokuwa wanaharibu mashamba, nyama akawagawia watu, wakampenda kwa ukarimu wake, na alipoua simba wakamfanya mfalme wao, ndo ukaanza utawala wa Wakilindi uliokaa Vuga. Isimulie kwa vipande, kila kona kipande, mtoto atapanda kilima akitaka kujua simba aliuawaje.

Mkifika kijiji cha Yoghoi ulizeni njia ya viewpoint, wote wanaijua kwa jina hilohilo.

Kituo cha Irente Farm

Kabla ya ukingoni kuna shamba la Irente, ni la Kanisa la Kilutheri, na kwa familia hapa ndo kituo bora. Wanatengeneza jibini, mkate mweusi wa rai, jemu, juisi, na wana nyumba za kulala wageni pia. Vyoo vipo, kuna nyasi za watoto kukimbia, kuna kivuli. Chakula cha mchana agiza mapema, ikiwezekana jana yake kwa simu, maana wanaandaa kwa idadi na mkifika watu wanane ghafla mtangoja. Na usishangae kama mwanao hatopenda jibini, ule mkate na jemu ataumaliza.

Swali ni mle kabla au baada. Mi nasema mnapokwenda pumzikeni tu, maji, choo, juisi kidogo, halafu mwende ukingoni ambako sio mbali kwa mtu aliyepumzika, mkirudi ndo mle chakula chenyewe mkae kwa raha. Mkishiba kwanza watoto hawatanyanyuka.

Pale ukingoni

Kuna kiingilio kidogo, weka hela za chenji. Kabla ya kukaribia simameni wote mbali kidogo mpeane sheria, na sheria iwe moja tu ili isisahaulike: hakuna mtoto anayesogea mbele bila kushikwa mkono na mtu mzima. Sio kushikwa na kaka wa miaka kumi, mtu mzima. Usitegemee uzio, usitegemee kwamba mtoto wako ni muoga, na usimwambie mtu yeyote arudi nyuma hatua moja ili picha itoke vizuri. Hakuna kukimbizana, hakuna kurusha mawe chini, huko chini kuna watu na mifugo. Mwamba ukiwa umelowa kaeni nyuma kabisa mwangalie kwa kukaa. Watoto wakiwa ni wengi kuliko watu wazima basi mnakwenda kwa zamu, wengine wamekaa kwenye kanga wanakula karanga.

Mkishakaa sawa ndo muanze kuangalia, na kuna vitu vya kuangalia, sio "waoo" moja halafu basi. Chini kabisa ni Mazinde. Hapo zamani za misafara ya biashara, Semboja, mtoto wa Kimweri mfalme wa Usambara, alihama mlimani akaweka makazi yake Mazinde huko chini kwa sababu njia ya misafara ilipita hapo, aliyeshika Mazinde alishika biashara. Ukiwa juu unaelewa kwa nini bila kuelezwa, njia zote zinapita kati ya mlima na mbuga, na hata leo barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha inapita hapohapo, malori yanaonekana vidoti vinavyotembea. Na reli ya Tanga inapita hapohapo, hiyo Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893 ikafika Mombo 1905.

Yale mashamba yenye mistari iliyonyooka ni mkonge. Mkonge sio mmea wa hapa, uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche iliyotokea Amerika kupitia Florida, na inajulikana kwamba miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Hiyo 62 ndo ikageuka mashamba ya Tanga yote. Watoto wa darasa la nne la tano wanaosoma mazao ya biashara wanabaki wameduwaa wakiambiwa hivyo huku mistari yenyewe iko chini ya miguu yao.

Halafu waulize swali: kwa nini huku juu ni kijani na kule chini ni kukavu kahawia, na ni kilometa chache tu? Waache wabishane kwanza. Jibu ni kwamba upepo unatoka Bahari ya Hindi umebeba unyevu, ukigonga milima unalazimika kupanda, ukipanda unapoa, ukipoa unadondosha mvua hukuhuku juu, ukivuka upande wa pili hauna kitu tena. Ndo maana Usambara ina misitu, na ndo maana huko tambarare kuna mkonge na mbuzi. Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita kule Kenya inapita Pare, Usambara, mpaka Udzungwa, miamba yake ni ya kale mno na misitu yake imekaa peke yake muda mrefu sana ikiwa imezungukwa na ukavu, kwa hiyo viumbe wake wakawa wa kwao tu, wale vinyonga mliowaona njiani ni matokeo ya hilo. Siku ikiwa safi angalieni upande wa kulia mtaona milima ya Pare inavyofuatana.

Kaeni pale nusu saa, saa moja. Mwewe na ndege wengine wakubwa wanapanda na upepo unaotoka chini, kuna wakati mnamwangalia ndege akiwa chini yenu mnaona mgongo wake, jambo ambalo mtoto wa mjini hajawahi kuliona. Sweta zivaliwe hapa hata kama mlifika na jasho, hasa hapo kwenye jasho, upepo wa ukingoni unapenya na mtoto mwenye jasho akipigwa nao anapoa haraka anaanza kutetemeka.

Ukungu ukiwakuta msiondoke haraka. Unapanda na kufunguka, unaweza kuwa mweupe kabisa halafu dakika kumi baadaye pazia linafunguka lote. Kuna loji palepale ukingoni, mnaweza kuagiza chai mkasubiri. Ukishasubiri saa nzima bila dalili basi rudini, bado mna chakula kwenye farm.

Kurudi

Kurudi ni mteremko zaidi kwa hiyo watu wanadhani ni rahisi, ila magoti ya watoto yamechoka na ndipo wanaanguka. Wakitembea wakiwa wameshikana mikono wawili wawili ni afadhali. Kama umeona mtoto amefika mwisho, kodi bajaji au bodaboda kutokea farm au Yoghoi, na hapa nakuomba usipakize watoto watatu kwenye bodaboda moja kisa ni karibu, ile barabara ina kokoto na mteremko, bora uite gari. Omba namba ya dereva mjini kabla hamjatoka asubuhi, mtandao unapatikana sehemu nyingi za njia.

Usisahau takataka. Maganda ya ndizi nayo mrudi nayo, watu hudhani hayana shida lakini yakirundikana pale ukingoni yanavuta nyani, na nyani akishazoea chakula cha watu hana adabu kwa mtoto mwenye biskuti.

Kama watoto wanataka msitu hasa

Hapo unaongeza siku ya pili mnaenda Magamba, Hifadhi ya Mazingira Asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, iko kama kilometa 7 kutoka mjini. Huo ndo msitu wenyewe, miti mirefu imefunikwa na kuvumwani (vile vitu vya kijivu vinavyoota kwenye magome), giza la kijani, baridi zaidi ya mjini. Kuna mbega, wale weusi wenye manyoya meupe marefu mabegani na mkia wenye ncha nyeupe, mara nyingi unawasikia wakivunja matawi kabla hujawaona, mkisikia hivyo simameni kimya mwangalie juu. Na kwenye miamba yenye kivuli Usambara ndo nyumbani kwa yale maua madogo ya zambarau yenye majani ya manyoya ambayo Ulaya na Marekani wanayafuga kwenye vikopo dirishani, Mjerumani aliyekuwa mkuu wa wilaya, Saint Paul-Illaire, ndo aliyapeleka kwao baada ya kuyaona mwaka 1892, na ndo lilipotokea jina la Saintpaulia, ambalo wanasayansi waliyaita kwa muda mrefu. Mkiyaona msiyachume, mengine yamebaki sehemu ndogo sana.

Magamba lazima ulipe kiingilio cha hifadhi na uwe na kiongozi, malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali kwa hiyo uwe na salio kwenye simu, noti mkononi hazitakusaidia getini. Raia wa Afrika Mashariki wanalipa kidogo kuliko wageni wengine, beba kitambulisho. Waambie mna watoto ili wawachagulie njia fupi, zipo za saa mbili na zipo za siku nzima, na mtu wa getini asipoambiwa anaweza kukupa ile anayoipenda yeye. Msifanye Irente na Magamba siku moja, miguu ya watoto haitaki, na siku ya pili kwenye msitu unataka wawe na macho mapya.

Mabasi ya kurudi Dar na Arusha yanatoka Lushoto asubuhi na mapema sana, tiketi kata jana yake mchana mkishuka kutoka matembezini, na omba siti za mbele upande wa dirisha kwa yule anayetapika, maana kona za kushuka Mombo ni zilezile.